Kipimo cha Mlango

Kwetu jeneza haliagizwi kwa mdomo. Mfiwa hukata tete bondeni, hulilaza kando ya marehemu toka utosini hadi kisiginoni, hulikata palepale, kisha hulipeleka kwa seremala. Anayeingia karakana na tete mkononi hana haja ya kueleza kilichomleta. Baba yangu alikuwa akilipokea kwa mikono miwili, anasema pole, anauliza ni nani, kisha analisimamisha ukutani na kuanza kuchagua mbao.

Karakana ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yetu, upande wa Kamachumu, mwendo wa saa moja hivi kwa miguu hadi hospitali ya Ndolage. Mimi ni wa mwaka 1971. Nilimaliza darasa la saba, nafasi ya sekondari nikaikosa, na mwaka 1986 nikaanza kushika randa. Niliingia nikiwa na hamu ya kujifunza viti vya kukunja na makabati yenye vioo. Baba alinianzisha kwa kunyoosha misumari iliyopinda, kwa sababu miaka ya nyuma yake msumari ulikuwa adimu kuliko nyama, na mazoea yalikuwa hayajamtoka. Lakini Ruksa ya Mzee Mwinyi ilikwisha kuanza, na misumari ilikuwa imerudi madukani. Ilirudi wakati tulipoihitaji, ingawa si kwa kazi tuliyoitamani.

Wanaoandika historia ya UKIMWI Tanzania huanzia Ndolage, mwaka 1983, walipotambuliwa wagonjwa watatu wa kwanza nchini. Sisi tuliokuwa jirani na hospitali hatukusikia habari hiyo mwaka ule. Tulikuwa na jina letu. Vita na Amin vilikuwa vimeisha mwaka 1979, daraja la Kyaka lilikwisha vunjwa, maduka yalikuwa matupu, na vijana wenye ujasiri wakawa wanafuata bidhaa Uganda, wengine kwa Mutukula, wengine kwa mitumbwi usiku. Miongoni mwa vitu walivyoleta kulikuwa na kitambaa kilichoitwa Juliana. Aliyevaa Juliana alionekana mtu wa fedha. Walipoanza kukonda hao hao wa Juliana, ugonjwa ukarithi jina la kitambaa. Nakumbuka wanawake kisimani wakinong'ona kwamba fulani "ana Juliana", na mimi mtoto nikadhani wanamwonea wivu kwa shati jipya.

Kaunta buku ya baba ninayo mpaka leo. Aliandika kwa ile penseli bapa ya seremala, kwa hati kubwa. Ukurasa wa 1984 unapendeza kuusoma: kitanda futi nne, meza ya mwalimu, jeneza, mizinga ya nyuki miwili, fremu ya dirisha, kiti cha mzee wa kanisa. Kuanzia 1987 ameandika neno moja tu kwenye mstari wa juu, jeneza, na chini yake vistari viwili viwili vya "kama hapo juu" vinashuka hadi mwisho wa karatasi. Fungua ukurasa unaofuata, ni hivyohivyo. Sijui mtu anayeweza kunihutubia juu ya miaka ile kwa ufasaha kuzidi vile vistari.

Mila ilituelemea. Kijijini kukiwa na msiba jembe linalazwa. Hakuna anayelima mpaka siku za matanga zitimie. Sasa misiba ilipofuatana, huyu hajaanuliwa tanga yule amekufa, magugu yaliingia migombani na maharage yakapitwa na msimu. Wazee waliketi wakapunguza siku. Nilimsikia babu mmoja akitoka kwenye kikao hicho akisema kwamba hajawahi kudhani ataishi hadi siku ya kumpunjia mtu kilio.

Na yale matete. Jeneza likishachukuliwa, tete hubaki kwa seremala. Zamani mama aliyatumia kusimikia nyanya. Miaka ile akaacha. Hakuna aliyesema tuyachome, wala aliyesema tusiyachome. Yalirundikana kwenye kona ya karakana, marefu nyuma, mafupi mbele. Yale mafupi yalikuwa ya watoto. Nikifagia, nilifagia kuyazunguka.

Kanisani, nako, tulipewa maelezo. Palikuja mhubiri mmoja kutoka mbali, ambaye jina lake nitalihifadhi, akafungua Ufunuo na kutusomea habari za vitasa saba vya ghadhabu. Alisema Kagera imemwagiwa kitasa chake. Alisema sababu anaijua, na tukitazama makaburi mapya tutaijua na sisi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, fundi mwanafunzi. Kitasa ninachokijua ni kile cha mlango. Nilikaa kwenye benchi nikiona makufuli saba makubwa yametundikwa juu ya mkoa wetu, na Mungu anatia funguo mfukoni. Mbele yangu alikaa mjane ambaye tulimtengenezea mumewe jeneza wiki mbili zilizopita. Hakuinua kichwa ibada nzima.

Aliyenieleza kwamba vitasa vya Ufunuo ni mabakuli alikuwa mwinjilisti wetu. Alikuwa mzee wa watu wa uamsho, wale walokole waliokuwa wakitembea kijiji hadi kijiji na wimbo wao wa Kiganda, na alikuwa na baiskeli isiyo na breki aliyoisimamisha kwa soli ya kiatu. Alicheka sana niliposimulia makufuli yangu. Kisha akanyamaza, akasema, "Lakini mwanangu, watu wengi wametoka pale wamesikia kama wewe. Wamesikia kumefungwa."

Tangu siku hiyo nilimsikiliza kwa makini, na nadhani mahubiri yake ya mazikoni yalikuwa mamoja tu, aliyoyarudia karibu kila wiki. Lazaro wa Bethania. Hakukimbilia mwisho. Alikaa muda mrefu pale Yesu anapochelewa, siku nne zimepita, na dada wa marehemu anamlaumu waziwazi. Kisha alifika pale Yesu analia. "Alijua anachokwenda kufanya," alikuwa akisema. "Alijua atamwita na atatoka. Na bado alilia kwanza." Hapo alikuwa anafunga Biblia na kwenda kuketi kwenye majani makavu ya migomba pamoja na wafiwa, na kama ni kulia, analia nao.

Siku hizi msibani kuna mshereheshaji na kipaza sauti, na mhubiri akisimama anatuharakisha kufuta machozi kwa sababu marehemu yuko mahali pazuri zaidi. Huwa nakereka. Yule mzee hakutuharakisha. Mara moja tu nilimsikia akijibiwa na mtu. Kijana aliyezika ndugu wa tatu alimwambia mbele za watu kwamba habari za ufufuo ni maneno ya kufariji watoto. Mzee akamjibu polepole, "Kaburi ni la kweli, waitu. Nimelichimba na wewe asubuhi, mikono yangu ina malengelenge. Sikuambii halipo. Nakuambia Kristo alilala humo kabla ya ndugu yako, naye alitoka." Yule kijana hakusema ameamini. Alichukua koleo akaendelea kufukia.

Kila Jumapili tulikuwa tunakiri Imani, na ndani yake kuna ufufuo wa mwili. Nilikuwa nimeyatamka maneno hayo tangu utotoni kama mtu anavyohesabu moja mpaka kumi. Katika miaka ile nikayasikia. Sisi maseremala tulijua miili ilivyokuwa imekwisha. Tulibeba majeneza mepesi hata mtu akatazama nyuma kuhakikisha wenzake bado wameshika. Laiti Imani ingesema roho tu itaishi, nadhani ningesema sawa, roho ziende zake. Lakini imesema mwili, huu uliopimwa kwa tete, wenye kidonda na kikohozi. Sikuelewa itakuwaje, na sielewi hata sasa. Ila ilikuwa habari inayowahusu watu niliowaona.

Ilikuwa Novemba 1989, msimu wa senene, maana watoto walikuwa wameamka alfajiri na mifuko yao wako barabarani. Aliingia mjane mwingine. Mumewe, dereva, tulimtengenezea jeneza mwaka 1987. Yeye mwenyewe alikuwa amefunga kitenge akakizungusha mara mbili na ncha ikabaki. Mkononi ana tete.

Baba aliacha randa, akanyoosha mikono yote miwili. "Pole, waitu. Ni nani?"

Yule mama akacheka. Kicheko hicho ndicho ninachokikumbuka kuliko vyote. Kilikuwa kikavu na kilimletea kikohozi, ikabidi akae juu ya gogo. Alipopata pumzi akasema, "Ni mlango."

Lilikuwa kweli tete la mlango. Kwa kamba ya mgomba alikuwa amefungia kipande kifupi cha pembeni: lile refu kimo, lile fupi upana. Nyumba yake ilikuwa na uzio wa matete uliofungwa kwa kamba usiku. Alikuwa na watoto wawili, wote wa kike, mkubwa ana miaka kumi na miwili. Na shemeji zake, alisema bila hasira, walikuwa wamepita kibanjani Jumamosi wakihesabu mibuni. Hawakumsalimia. Walihesabu tu, kwa sauti.

"Nataka mlango wenye kitasa," alisema. "Funguo mbili. Mmoja wa binti yangu, mwingine wa mwinjilisti. Tata, jeneza msinitengenezee. Mnizike kwa lubugo, kama walivyozikwa bibi zetu. Hela ya jeneza ndiyo hii." Alikuwa na kahawa ya maganda, madebe mawili, ameiacha nje kwenye mkokoteni wa jirani.

Lubugo ni kitambaa cha gome la mti, linapondwa hadi linalainika kama blanketi. Wazee wetu walizikwa nalo kabla ya mambo ya jeneza kuingia. Wakati ule kumzika mtu bila jeneza ilikuwa ni kumwaibisha, na waliosema hivyo kwa sauti kuliko wote tulikuwa sisi tuliolipwa kutengeneza majeneza.

Baba alitazama mbao za paini zilizoegemezwa ukutani. Akaipiga moja kwa kidole. "Hii itapinda mvua tatu tu," alisema, kwa nafsi yake. Alikaa kimya kidogo. Kisha akaegemeza ngazi, akapanda darini, na nikasikia akiburuta kitu kizito.

Nilijua ni nini kabla sijakiona. Kila seremala wa rika lake alikuwa na mbao zake. Za baba zilikuwa mvule, alizinunua kabla ya vita, zimekaa juu pale zikikauka kwa moshi, na hatukuruhusiwa kuzigusa kwa kuwa zilikuwa za jeneza lake. Mama alitoka jikoni aliposikia ule mburuto. Alisimama mlangoni, akazitazama mbao chini, akamtazama baba, akarudi jikoni.

Tulifanya kazi siku tatu. Mvule una vumbi linalowasha pua, tulipiga chafya mpaka tukachekana. Baba hakutaka msumari kwenye maungio. Tulichonga ulimi na tundu kwa patasi, na nilipokosea kimoja hakunifokea, alikaa nacho jioni nzima akikirekebisha kwa kabari nyembamba kama ukucha. Kitasa kilitoka Bukoba mjini kwa basi. Tulipokwenda kuusimika, yule mama alitolewa nje akalazwa kwenye mkeka apate kuona. Baba aliufunga, akaufungua, akampa binti ufunguo. Yule mtoto akafunga, akafungua, akafunga tena, na tena, hadi mama yake akamwambia utaumaliza.

Nimeulizwa, hasa na vijana wa kwaya, tumaini la Kikristo ni nini, na mimi si mtu wa theolojia. Nawasimulia hiyo. Mwanamke aliyejua hana muda mrefu wa kuishi alitumia fedha ya jeneza lake kununua mlango. Hakujidanganya kwamba atapona. Alikuwa ameshapanga atakavyozikwa. Wala hakusema kwa kuwa nakwenda kwa Bwana basi ya duniani yaharibike. Nimesikia makosa yote mawili yakihubiriwa. Kwake sikuyaona.

Alikufa Aprili 1990. Tulimzika kwa lubugo, na mwinjilisti akahubiri Lazaro. Ukoo ulikaa kikao kuhusu kibanja, maneno yakawa makali. Miezi miwili nyuma, Mahakama Kuu kule Mwanza, Jaji Mwalusanya, ilikuwa imeamua kesi iliyotoka huku kwetu Buhaya: kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo ana haki ya kuiuza kama mwanamume. Mwinjilisti alikuwa amesikia habari hizo na alizitaja. Sidhani kikao kilimwelewa sana jaji. Walichoelewa ni kwamba nyumba imefungwa, ufunguo mmoja uko kwa mtoto na mwingine uko mfukoni mwa mzee wa watu, na asiyekuwa na ufunguo itabidi avunje mchana watu wakimwona. Hakuna aliyevunja. Shangazi mmoja wa upande wa mama alihamia pale kuwalea.

Kaka yangu alifariki mwaka uliofuata, 1991. Yeye hatukumletea tete. Baba aliingia karakana peke yake akafunga, na alipotoka jeneza lilikuwa limekwisha, la paini, limepigwa msasa kama kabati la bwana harusi. Tulipomlaza ndani tukaona. Lilikuwa pana mno. Kaka alikuwa amebaki kama ufito, na jeneza lilikuwa la mtu mwenye mabega, kijana aliyewahi kubeba magunia mawili ya kahawa kwa mashindano. Mama alijaza nafasi kwa vitenge vyake pande zote mbili. Mjomba akamwambia baba kwa upole kwamba amekosea kipimo.

"Sikukosea," baba alisema. "Nimempimia mwanangu."

Mengine nitayapita haraka, maana yameandikwa na wajuzi. Askofu Kibira, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Walutheri wa dunia, alikuwa amefariki mwaka 1988 baada ya kuugua muda mrefu. Dayosisi yake ndiyo iliyoanzisha huduma ya watoto waliobaki, HUYAWA, na sare za shule za mabinti wale wawili zilitoka huko. Mwaka 1999 ukiisha Rais Mkapa alipotangaza UKIMWI kuwa janga la taifa, kijijini tulitazamana. Baba alikufa mwaka 2003. Nilimtengenezea jeneza la paini, nikaomba radhi kwa mama, naye akasema baba yako anajua ulipo mvule wake.

Mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure. Jirani yetu mmoja alikuwa ameshakata kauli, ndugu wakaleta tete, nami nikatengeneza. Likakaa karakana wiki, mwezi, miezi. Yeye akawa anakula. Kisha akawa anapita nje akitembea, anachungulia, anauliza kama chumba chake kiko tayari. Mwishowe nililibandua nikamfanyia kabati la vyombo, na sahani zake zimo humo hadi leo. Yale matete ya kona tuliyapeleka mwaka huohuo kusimikia maharage. Mama ndiye aliyesema.

Mwinjilisti alikufa mzee, kitandani, na baiskeli yake nasikia bado inatembea. Binti wa mlango ana wajukuu. Mwaka jana aliniita nimtazamie nyumba, nikaenda na mwanangu anayejifunza kazi. Kitasa cha kwanza kilikufa zamani, hiki cha sasa ni cha tatu. Bawaba ya juu nilibadilisha siku hiyo. Mbao hazijapinda.